Mapitio ya gereji: klachi iliyoteleza katika pikapu ya zamani, na fundi aliyetafuta chanzo kabla ya kushusha giaboksi

Huduma ninayoipitia hapa ni ya kuchunguza na kubadilisha klachi katika pikapu ya dizeli ya zamani, yenye gia za mkono na inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Dalili zilikuwa zile wanazozijua wenye magari ya namna hii: ukipanda mlima na mzigo katika gia ya nne au ya tano, ukakanyaga mafuta, injini inapandisha mizunguko na kunguruma lakini mwendo hauongezeki, na baada ya muda harufu ya kitu kinachoungua inaingia ndani ya kabini. Gereji nyingi zikisikia maelezo hayo hutaja papo hapo bei ya seti nzima ya klachi. Hii haikutaja bei yoyote mpaka fundi alipomaliza kupima, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Alianza na pedali. Aliibonyeza kwa mkono, polepole, akitafuta ule mchezo mdogo unaotakiwa kuwapo kabla pedali haijaanza kuwa nzito. Mchezo huo ukikosekana, beringi ya rilizi, ile inayosukumwa na pedali ili kuiachia klachi, hukaa imezikandamiza ncha za springi ya presha pleti muda wote, na presha pleti, yaani sahani yenye springi, inakosa nguvu ya kuibana klachi pleti, diski inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, kikamilifu hata kama pleti yenyewe bado ni nzima. Kwetu mchezo ulikuwapo. Kisha akafanya jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue: alilegeza kidogo nati ya kutolea upepo kwenye silinda ndogo ya klachi, ile iliyo ubavuni mwa giaboksi, ili kuona kama kuna shinikizo lililonaswa ndani ya mfumo wa mafuta. Tundu la kurudishia mafuta ndani ya masta silinda, ile inayosukumwa na pedali, likiziba, au mpira wa kupitishia mafuta ukivimba kwa ndani, mafuta hayarudi vizuri dereva anapoachia pedali, na klachi hubaki imeachiwa nusu. Gari la namna hiyo huteleza sawasawa na lenye pleti iliyokwisha, ilhali tiba yake haihitaji kabisa kushusha giaboksi.

Hakukuta shinikizo, basi akaenda kwenye jaribio lenyewe. Gari likiwa mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa hadi mwisho na magurudumu yamewekewa vizuizi, aliingiza gia ya juu, akapandisha mizunguko kiasi, kisha akaachia klachi. Klachi nzima huzima injini mara moja. Ya kwetu iliiacha ikizunguka kana kwamba gari liko huru. Alilifanya mara moja tu, kwa muda mfupi, akaeleza kwamba kulirudia ni kuiunguza zaidi pleti na flaiwili, gurudumu zito la chuma lililo mwishoni mwa injini ambalo pleti hubanwa juu yake. Nimewahi kuona mafundi wakilirudia jaribio hili ili kumthibitishia mteja, na ninaona ni kosa la kitaalamu.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ilikuja baadaye, chini ya gari. Kwenye upenyo ulio chini ya nyumba ya klachi palikuwa na unyevu wa mafuta. Fundi aliyapaka kidoleni akaninyooshea: yalikuwa meusi na mepesi, hayana ile harufu kali ya salfa iliyo katika oili ya gia. Katika injini ya dizeli oili huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, kwa hiyo rangi hiyo ilimwelekeza moja kwa moja kwenye sili ya nyuma ya krenki, yaani mpira unaozuia oili isivuje pale shafti kuu ya injini inapotokea, wala si kwenye sili ya shafti inayoingia kwenye giaboksi. Bila ugunduzi huo, klachi mpya ingefungwa mahali penye mafuta na ingeanza kuteleza kabla hata haijazoea kazi.

Giaboksi iliposhushwa niliitwa kuangalia, na hiyo ni heshima ambayo wateja wengi hatuipati. Upande mmoja wa klachi pleti ulikuwa unang'aa kama umepakwa vanishi, mafuta yakiwa yameungulia humo, na vichwa vya riveti vilikaribia kuwa sawa na uso wa tabaka la msuguano la pleti. Alikipima kwa kalipa kina cha riveti, yaani umbali wa vichwa hivyo chini ya uso huo. Vitabu vya matengenezo vya Toyota, kwa mfano, vinataka kisipungue milimita 0.3, na hapa kilikuwa pungufu. Flaiwili nayo ilikuwa na madoa ya bluu ya joto na nyufa nyembamba juu ya uso.

Hapo ndipo tulipotofautiana. Msimamizi wa gereji alitaka uso wa flaiwili usuguliwe kwa msasa tu ili gari litoke mapema. Msasa huondoa mng'ao, lakini hauondoi doa la joto, ambalo ni chuma kilichogeuka kuwa kigumu kuliko kilichokizunguka, na klachi mpya ikikutana na uso wa namna hiyo hutetemesha gari wakati wa kuondoka. Nilisisitiza ipelekwe kwa mkereza chuma, achukue unene mdogo tu na aikague kama nyufa zinakwisha, kwa kuwa ufa unaoingia ndani maana yake ni flaiwili mpya. Walikubali, na zilikwisha, lakini pendekezo hilo lilipaswa kutoka kwao.

Ufungaji ulikuwa safi. Sili mpya ya krenki iliwekwa kwanza, kisha beringi ndogo iliyo katikati ya mwisho wa krenki, ambayo haimo katika seti nyingi za vipande vitatu (klachi pleti, presha pleti na beringi ya rilizi) na husahaulika kwa sababu hiyo. Klachi pleti iliwekwa katikati kwa pini maalumu, meno ya shafti yakapakwa grisi kidogo mno, kwa kuwa inayozidi hurushwa kwenye tabaka la msuguano, na bolti za presha pleti zikakazwa kidogo kidogo kwa kukingamana, hadi nyutoni mita 19 ambazo kitabu cha gari letu kinataka, kwa spana ya kupimia.

Lawama yangu kubwa ni ya usafishaji. Kijana mmoja alipuliza vumbi la ndani ya nyumba ya klachi kwa upepo wa kompresa, bila barakoa, watu wakiwa wamesimama karibu. Klachi za magari ya zamani zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi yasiyopona. Kitambaa chenye maji kingetosha, na mwenye gereji anawajibika kuwalinda vijana wake.

Pikapu sasa inapanda milima na mzigo bila mizunguko kukimbia, na pedali imekuwa laini. Niliagizwa nisibebe mizigo mizito kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo ili nyuso zizoeane, na agizo hilo niliandikiwa kwenye risiti. Kilichokosekana kwenye risiti hiyo ni dhamana ya kazi iliyotenganishwa na dhamana ya spea. Nimeomba iongezwe, wakaiongeza kwa mkono na kupiga muhuri. Atakayekwenda aiombe kabla ya kulipa.