Kalamu ya mpingo "iliyozeeshwa": uzoefu wangu na fundi mmoja wa Mtwara

Kila nikikumbuka lile doa kwenye kanzu ya mjomba, moyo unanichemka upya.

Msimu wa korosho uliopita niliagiza kalamu ya wino kwa fundi mmoja hapa mjini, zawadi ya mjomba wangu aliyekuwa anastaafu ualimu. Nilitaka mtindo wa stimupanki: mwili wa mpingo, kifuniko na pete za brasi (shaba ya manjano) iliyochakaa, gia ndogo za saa mbovu ubavuni, kama kitu kilichookotwa kwenye karakana ya enzi za injini za moshi. Sababu nilikuwa nayo. Babu yetu alikuwa kibarua kwenye reli ya Nachingwea, ile iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza na kung'olewa miaka ya 1960. Mjomba amekua akisimuliwa reli hiyo.

Fundi nilimweleza hatua kwa hatua. Brasi mpya mara nyingi hupakwa vanishi ili isififie, kwa hiyo aitoe kwanza kwa asetoni na kufuta mafuta yote. Kisha ainyunyizie maji ya chumvi, aining'inize juu ya siki ndani ya kopo lililofungwa, mvuke uile polepole mpaka iwe kahawia. Pale vidole vinaposhika asugue kidogo kwa stili waya, maana kitu cha zamani hakichakai sawasawa. Mwisho apake nta. Kila nilichosema aliitikia, "Sawa dada, nimekuelewa." Kwa kazi hiyo ya shaba tu alitaka elfu ishirini juu ya bei ya kalamu. Nikatoa yote papo hapo.

Ijumaa ya kwanza mjomba akaichomeka kwenye mfuko wa kanzu, akaenda msikitini. Joto letu mnalijua. Alirudi na alama nyeusi kifuani, na watu wote wameiona. Nikadhani wino umevuja. Nikakwangua kifuniko kwa ukucha: rangi! Rangi ya kopo, ya kupuliza, na chini yake brasi inameta kama imetoka dukani leo. Gia moja ikabaki mkononi mwangu, gundi haikushika.

Nikampelekea fundi. Hakuinua hata macho kutoka kwenye mashine. "Si ulitaka ichakae? Ndiyo hiyo imechakaa." Mbele ya wateja wawili! Nikamwambia, kaka, umemwaibisha mtu mzima. Akanijibu sabuni zipo madukani.

Nilikusudia niwaambie msikanyage pale kabisa. Nimeandika hivyo, nikafuta, kwa sababu kwenye mti siwezi kumsingizia. Mpingo ni mzito, ukiutia majini unazama, na ugumu wake unamaliza makali ya patasi. Yeye ameukereza ukatoka laini bila mkwaruzo hata mmoja, na kwenye ncha akaacha pete nyembamba ya ule mti mweupe wa nje, inakutana na weusi bila hata ufa. Siku nilipoichukua niliikodolea macho nikasahau hata kukagua kifuniko. Kuandika nako, inateleza. Mjomba nilimwomba niirudishe akakataa katakata. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote: mtu mwenye mkono ule anashikaje kopo la rangi?

Mwishowe kazi nimeifanya mwenyewe jikoni. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha, siki ya dukani, kopo la maziwa ya unga. Siku mbili tu, brasi imekuwa kahawia, na kijani kimeanza kuota kwenye mikunjo. Mjomba aliishika kimya, halafu akaanza kunisimulia habari za babu ambazo sijawahi kuzisikia.

Basi ukienda kwake, mwachie mpingo. Shaba rudi nayo nyumbani. Na elfu ishirini yangu bado namdai, nitaifuata wiki hii.