Kita ya Wedding: subira wanayo, ila fomu yao ina nafasi ya mtu mmoja

Kina mama mlio Berlin mnaotafuta nafasi ya mtoto, haya ndiyo niliyoyaona kwenye kita (kituo cha kulelea watoto wadogo) tuliyoipata Wedding, mtaa wa humu Berlin. Jina silitaji, maana kita nyingi za hapa hufuata utaratibu uleule wa kumzoesha mtoto, uliobuniwa humuhumu Berlin miaka ya 1980, na utaratibu huo ndio ninaotaka kuuzungumzia.

Mambo ya pesa niyamalize haraka. Ada hakuna tangu Agosti 2018, chakula sisi tulilipa euro 23 kwa mwezi, na vocha ya nafasi ya kita unaiomba ofisi ya vijana ya wilaya. Chakula chao hakina chumvi hata chembe, lakini mwanangu anakimaliza. Mchanga wa kuchezea ni safi. Buti za mvua unanunua mwenyewe.

Sasa huko kuzoesha. Siku tatu za mwanzo mzazi anakaa na mtoto kitani kwa muda mfupi, ametulia pembeni, hamwiti wala hamfukuzi. Siku ya nne unaaga na kutoka, isizidi nusu saa. Siku hiyo isiangukie Jumatatu, kwa kuwa mtoto anakuwa ameshinda nyumbani wikiendi nzima. Akilia na mwalimu akambembeleza akanyamaza, mnasonga mbele. Akikataa kubembelezwa unaitwa, na kuachana kunasubiri hadi wiki inayofuata. Hakuna anayekuharakisha. Kwetu Tanga nimeona watoto wakibanduliwa vifuani mwa mama zao getini, mwalimu anasema "nenda tu mama, atanyamaza", kwa hiyo hapa Wajerumani nawasifu bila kinyongo.

Kasheshe ilikuja kwa sababu mwanangu hakulia. Huyu kakulia Chumbageni, Tanga, kwa bibi yake, akibebwa na yeyote ambaye mikono yake ilikuwa mitupu: bibi, mama mkubwa, binamu zake, hata jirani muuza vitumbua. Hapa Berlin analala na mama yake mdogo nikiwa zamu ya usiku. Nilipoaga alinitazama, akajipakata kwa mwalimu, akaendelea na ndizi yake. Niliporudi akanionyesha ganda. Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari, kisha akaniambia kwa upole kwamba mtoto asiyelia huenda moyo unamwenda mbio ndani kwa ndani, na labda hajashikamana nami vya kutosha.

La moyo hakulizua. Watafiti wa hapahapa Ujerumani waliwapima watoto wanaoonekana kutomjali mama, wakakuta miili yao ina wasiwasi. Lakini kutolia hakuna maana moja. Bielefeld, Ujerumani, miaka ya 1970, watafiti Karin na Klaus Grossmann walikuta karibu nusu ya watoto walioachwa kidogo kwa majaribio hawamwendei mama akirudi, wakaeleza kwamba wazazi wa kule walitaka mtoto ajitegemee mapema. Sapporo, Japani, mambo yakawa kinyume: watoto wengi walilia mno hadi muda wa kuachwa ukakatizwa, kwa kuwa hawakuzoea kutenganishwa na mama. Na Kisii, Kenya, watafiti waliandika mwaka 1986 kwamba mama akirudi humsalimia mtoto kwa mkono, naye mtoto hutarajia mkono huo. Mgeni anayengoja wakumbatiane atadhani hawapendani.

Tena ushahidi wa mwanzo wa nadharia hii ya mtoto kushikamana na mlezi ulitoka jirani kwetu, Uganda. Mtafiti Mary Ainsworth alizunguka vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akiwafuatilia watoto 28 wa Kiganda majumbani mwao, watu wakiingia na kutoka. Lile jaribio la mama kumwacha mtoto chumbani na mgeni kisha kurudi, alilitunga baadaye, Baltimore, Marekani. Huko ndiko mabibi na mashangazi walikobaki nje ya mlango, na fomu ya kita yetu imewaacha hukohuko: mstari mmoja, jina la mtu mmoja wa kumzoesha mtoto.

Nikaomba mama mdogo naye ashike zamu ya kuzoesha. Mkuu wa kita akasita, eti mtoto atachanganyikiwa, mwishowe akakubali. Mama mdogo alipoaga tu, mwanangu aliangua kilio kilichosikika hadi kwa wauza kebabu. Mwalimu akafurahi kweli: kumbe anaye wa kumlilia! Akambembeleza, akanyamaza, na wiki hiyohiyo tukaruhusiwa. (Mimi niliyemzaa nilimeza mate, nikasema alhamdulillahi.)

Nawapa nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya ule mstari mmoja. Mkienda kwenye mazungumzo ya kwanza, semeni mapema mtoto analala na nani, analishwa na nani, anabembelezwa na nani akiugua, na daini jina la pili liandikwe hata pembeni ya karatasi. Tulipotafuta sisi, orodha ya kusubiri ilikuwa ndefu, wengine walijiandikisha wakiwa bado wajawazito. Na wenye zamu kama mimi waulize saa: hawa wanafungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni, na ukichelewa kumchukua wanakununia.