Lithiamu au lamotrijini kwa mjamzito mwenye baipola?

Kati ya dawa hizi mbili za baipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), lithiamu ndiyo ngao imara zaidi dhidi ya mania, yaani msisimko uliopitiliza, hasa wiki za kwanza baada ya kujifungua. Hapo ndipo mama anaweza kuonekana saa nane usiku akikunja nguo za mtoto kwa mara ya nne, hana usingizi wala hachoki. Hiyo ni dalili ya hatari. Apelekwe hospitali usiku huohuo. Lakini lithiamu huongeza kidogo uwezekano wa kasoro ya moyo wa mtoto, zaidi dozi ikiwa kubwa katika miezi 3 ya kwanza. Damu hupimwa mara kwa mara, na kwa kawaida mama hushauriwa asinyonyeshe.

Lamotrijini ni salama zaidi kwa mimba, na wengi huinywa huku wakinyonyesha. Hukinga sonona (huzuni nzito inayodumu), kwa mania ni dhaifu. Mimba huipunguza mwilini, hivyo dozi hupandishwa, kisha hushushwa mapema baada ya kujifungua.

Aliyewahi kupatwa na mania kali, mimi ningeegemea lithiamu. Anayesumbuliwa zaidi na sonona, lamotrijini. Kuacha dawa ghafla, bila daktari, nakuomba usithubutu.