Elden Ring: silaha ipi inakufaa? Usiangalie namba kwanza

Karibuni tena wadau. Leo tunachambua silaha za Elden Ring, gemu ya FromSoftware iliyotoka Februari 2022. Swali linalonijia kila siku ni lile lile: silaha ipi kali kuliko zote? Nitawaambia yangu, ila kwanza iacheni ile namba ya madhara mnayoiona kwenye menyu. Cha kuangalia ni pigo lako linachukua muda gani kushuka.

Tazama hapa kwenye skrini. Huyu ni Margit, yule bosi anayekuzuia njia ya ngome ya Stormveil. Anainua fimbo yake, halafu anaishikilia hewani. Mgeni akiiona imeinuka tu, anabingiria. Kashawahi mno, fimbo inamkuta ndiyo kwanza anainuka! Subiri. Fimbo ikianza kushuka, ndipo ubingirie. Sasa umepata upenyo, lakini ni mfupi. Mwenye Uchigatana, ule upanga mwepesi wa Kijapani, anakata mara mbili na kutoka. Mwenye Greatsword, ule upanga mzito, anapata pigo moja tu, na akisitasita, anapigwa upanga wake ukiwa bado juu. Kwa hiyo jiulize: wewe ni mtu wa kuvizia pigo moja, au mikono yako inataka kuchapa haraka haraka?

Mimi ni wa Greatsword, na sioni haya kuutetea. Unadai nguvu 31, na wengi wakiona hivyo wanaupita. Ushike kwa mikono miwili! Gemu inahesabu nguvu zako mara moja na nusu, kwa hiyo ukiwa na 21 tayari unaumudu. Upanga huu unapatikana eneo la Caelid, kwenye sanduku nyuma ya mkokoteni, na yale majibwa makubwa yanazunguka hapo hapo. Ukiwa na farasi unaufuata mapema kabisa, unachukua na kukimbia. Raha yake ni pigo la kuruka: ruka, shusha, rudi nyuma. Ukiyarudia hayo, adui anapoteza mhimili, anapiga magoti, nawe unamchoma pigo la hatari (critical hit), lile la madhara makubwa. Hiyo sauti ya bosi kuanguka magoti, jamani, sijachoka kuisikia tangu nianze kucheza.

Uchigatana nayo ina hoja nzito, na anayeanza na darasa (aina ya mhusika) la Samurai anayo tangu dakika ya kwanza. Inatoa damu. Kila ukikata, mita inajaa, na ikifurika adui anapoteza kwa kawaida asilimia 15 ya uhai wake wote, na pointi 100 juu yake. Ndiyo maana inang'ara kwa mabosi wenye uhai mrefu. Ila mifupa inayotembea na viumbe vya mawe havina damu ya kumwaga, hapo badilisha silaha.

Mkuki na ngao? Kwa anayeanza, ni chaguo zuri sana. Unachoma huku ngao iko mbele. Uchawi sitaugusa leo.

Kuna jambo moja linaloua watu kuliko silaha mbaya: uzito. Mzigo wako ukifika asilimia 70 ya uwezo wako, unabingiria kama gunia, na hakuna upanga utakaokuokoa. Vua hata kofia. Na pointi zako za mwanzo zipeleke kwenye uhai, tafadhali. Pointi za uhai (Vigor) zikifika 40 una HP 1450, zikifika 60 una HP 1900. Baada ya hapo simama, maana kutoka 60 hadi 99, pointi 39 nzima, unaongezewa HP 200 tu.

Ukikosea kugawa pointi, ukishamshinda bosi Rennala unaweza kuzipanga upya kwake, mradi unayo ile bidhaa inayoitwa Larval Tear. Mawe uliyonolea silaha ndiyo hayarudi. Kwa hiyo usimimine yote kwenye silaha moja siku ya kwanza. Nenda meza ya kunolea silaha ya Kanisa la Elleh, ambayo mwisho wake ni kiwango cha +3, na kufika hapo kila silaha ya kawaida inakula mawe 12. Noa mbili tofauti, moja nyepesi na moja nzito. Mfuate Margit na ya kwanza mara tano, kisha na ya pili mara tano. Usihesabu umemtoa uhai kiasi gani. Hesabu umepigwa mara ngapi ukiwa katikati ya pigo lako mwenyewe, halafu niandikieni hapo chini mmepata ngapi kwa kila silaha.