Ardour ya kukompaili mwenyewe: hela hutoi, bando utatoa

Wadau wa stujio za chumbani hapa Tanga mnaouliza narekodia nini, ni Ardour, programu ya kurekodi na kumiksi muziki, tena nimeikompaili mwenyewe, yani nimeijenga kutoka sosi kodi (maandishi ya programu) kwenye Debian, aina ya Linux. Kodi iko wazi kwa leseni huria ya GPL, watengenezaji wake Paul Davis na wenzake wameiachia, ila ukitaka iliyopikwa tayari kutoka kwao unachangia hela, usipochangia unapewa ya majaribio ambayo ikifika dakika 10 inanyamaza. Sasa sisi wa taarab wimbo mmoja unapita hapo na mwimbaji ndo kwanza kakolea, utamwambia nini?

Kodi vuta kwa git (chombo cha kuvuta kodi na historia yake), lile zip la GitHub achana nalo, halina taarifa za toleo na waf, chombo kinachoijenga Ardour, itagoma. Laibrari (kodi za wengine inazozitegemea) ni kibao, boost, libsndfile, fftw, rubberband, lilv, aubio, ukizisaka moja moja utazeeka, washa deb-src (orodha ya sosi kodi za Debian) alafu piga `sudo apt build-dep ardour` zinakuja kwa mkupuo, na bando nalo linaondoka kwa mkupuo hahaha. Ikifika `./waf configure` soma ile mistari jamani. Ikikosa kitu cha lazima inakitaja jina na kusimama hapo hapo, na mara nyingi utakuta mtu laibrari anayo ila hajaweka pakeji yake yenye -dev mwishoni, yani heda, mafaili yanayomweleza kompaila laibrari ina nini, hamna, kompaila itaona nini?

Ninacholaumu ni hiki, ukiiacha hivyo hivyo inajengwa ya dibagi (ya kusakia makosa), nzito balaa, ukirundika plagini za efekti CPU inalia. Weka `--optimize` kwenye configure. Najua wanawafikiria madevelopa wao, ila wangetukumbuka na sisi. Na kama ram yako ni GB 4 usiiruhusu itumie koa zote za prosesa, andika `./waf -j2`, la sivyo memori inajaa na kompaila inauliwa katikati ya kazi. Laptop ya mtumba ni masaa hayo, nenda zako Raskazone ukaogelee.

Ikimaliza usikimbilie kuinstall, ingia folda la gtk2_ardour piga `./ardev`, inafunguka papo hapo uijaribu.

Kazini sasa, hapo sina neno. Udu, fidla, akodian, dumbaki, kila kimoja traki yake, natumia ALSA, mfumo wa sauti wa Linux wenyewe, moja kwa moja, wala JACK, seva ya sauti ya kuunganisha programu, siigusi. Yuza wako awe kwenye grupu la audio tu na limits (mipaka ya memori na kipaumbele) zikae sawa, ukipuuza inakuonya kuhusu memori na sauti inaweza kukatika katika.

Nyota nne kati ya tano kwa wanaorekodi watu wakipiga laivu. Kama wewe ni biti za bongo fleva tu sikushauri uhangaike hivi. Na asiyetaka kukompaili kabisa, Debian wanayo tayari, `apt install ardour`, hiyo hainyamazi, ila toleo lake mara nyingi liko nyuma.