Kozi ya kusikiliza kuhusu sanaa na taifa: tamu, ila picha ziko wapi?

Nimemaliza hii kozi, masomo 12 ya sauti, inaeleza vitabu na michoro vinavyowafanya watu wajione taifa moja, na kusema kweli nilijua nitasinzia maana mada yenyewe inanuka darasa, kumbe wapi, wiki nzima nimeosha vyombo bila kusukumwa na mtu ili tu nisikilize.

Lililonimaliza ni somo la Ufini. Nchi iko chini ya Urusi, daktari mmoja Elias Lönnrot anazunguka vijijini anakusanya nyimbo za wazee, 1835 anatoa Kalevala, utenzi mrefu wa mashujaa alioutengeneza kwa nyimbo hizo, 1849 anaipanua inapita mistari 22,000, halafu baadae mchoraji Gallen-Kallela anakuja kuwapa wale mashujaa sura na Sibelius anawapa muziki, hivo uhuru unapofika 1917 watu washajiona kitambo. Mwalimu hana haraka hapo, anauliza huyu daktari aliliokota taifa au alilishona mwenyewe, maana vipande alivipanga yeye na sehemu zingine akaunga na mistari yake. Ila waimbaji wenyewe, mtu kama Arhippa Perttunen aliyemwimbia mengi, kawapitia juu juu tu, hapo kaniudhi.

Somo la Ufaransa ni la kawaida, mchoraji Delacroix na yule mwanamke wake aliyeshika bendera akiongoza watu, ambaye wengi wanadhani ni wa 1789 kumbe ni mapinduzi ya 1830. Basi.

La Marekani nilicheka peke yangu. Ule mchoro wa Washington anavuka mto Delaware, kasimama kwenye boti utadhani anapigwa picha ya pasipoti, Leutze aliuchorea Düsseldorf, Ujerumani, toleo linalojulikana ni la 1851, na bendera iliyopo pale ilipitishwa 1777 wakati tukio lenyewe ni Desemba 1776! Nimeshaambiwa yote hayo na bado nikifikiria ule usiku namuona kasimama.

Sasa lawama. Hivi mnafundishaje michoro kwa sauti tupu, hata kijitabu cha picha hakuna?? Mikono ina povu, nasimamisha, nafuta, naingia Google, natafuta mchoro, nikirudi nimesahau tulikuwa wapi. Nimewaandikia mara mbili, jibu ni lile lile, "tunalifanyia kazi".

Nyota 4, ya tano wataipata siku wakileta picha.