TAHADHARI: Fundi wa droo za jikoni anayezunguka Lamu

Watu wa Lamu, hasa mnaotengeneza majiko kabla ya Ramadhani, nawaomba msome hii kabla hamjatoa arubuni kwa mtu anayewaahidi droo za kuvuta za kutia ndani ya makabati.

Makabati yetu ya chini yana kina kirefu. Ukitaka sufuria ya nyuma, upige magoti na utoe zote za mbele, na mama yangu magoti yanamsumbua. Fundi akaja na jozi moja ya reli (vile vyuma vinavyotelezesha droo) ya kuonyesha: nzito, laini, inavutika mpaka droo yote iko nje. Akasema ni stenlesi, hazishiki kutu, kila droo itabeba kilo 45. Droo sita kwa shilingi 42,000. Nikamtumia 30,000 kwa M-Pesa akanunue vifaa Mombasa. Ni nyingi mno kwa arubuni, naliona sasa.

Alizokuja kufunga si zile. Ni chuma chepesi kilichopakwa zinki, na zinatoka robo tatu tu, kwa hiyo sufuria ya nyuma mama bado anaitafuta kwa kupapasa. Nasi hapa hewa ya chumvi inaingia madirishani usiku na mchana. Miezi miwili haikutimia, kutu ikaanza kudondokea vyombo.

Vipimo navyo hakuchukua. Reli nyingi za ubavuni zinataka nusu inchi kila upande, yaani sanduku la droo liwe jembamba kwa inchi moja kuliko nafasi ya ndani ya kabati. Yeye alileta masanduku yaliyokwisha kutengenezwa, yote saizi moja, pengo akaliziba kwa vipande vya plaiwudi. Droo mbili zimeshachomoka. Moja ilimwangukia mama mguuni, na kinu cha viungo kilikuwa ndani. Mfupa uko salama, alhamdulillahi, lakini ukucha umetoka na hili ndilo linaloniuma kuliko hizo pesa.

Nikimpigia alikuwa kila siku yuko Mokowe, kule bara, anangoja boti. Boti za Mokowe zinavuka mchana kutwa, nani asiyejua? Sasa hapokei kabisa. Majirani wawili wa Langoni wamefanyiwa vivyo hivyo, na picha za "kazi zake" alizotutumia sote ni zilezile.

Akikujia, shika sumaku uijaribu kwenye reli. Ikinata kwa nguvu, usikubali neno la stenlesi mpaka akupe maelezo ya kuridhisha. Reli ya mfano ipige picha, pamoja na maandishi yaliyochapwa juu yake, kisha linganisha moja moja zitakapoletwa. Ukiweza, nunua reli wewe mwenyewe, upewe risiti, fundi umlipe ufundi tu. Na afunge droo moja kwanza. Itie sufuria zako nzito, ivute na kuirudisha wiki nzima, utazame na chini yake kama ubao umepinda (zangu ni hadibodi ya misumari, hata gundi hakutia). Ndipo aendelee na nyingine.

Aliyemtumia pesa asifute ujumbe wa M-Pesa. Jumatatu asubuhi sisi watatu tunakwenda kituo cha polisi kuandikisha malalamiko. Kama nawe yamekufika, niandikie faraghani twende pamoja.